Mgongo wa Ishak

Aliyeyafichua mambo ni Maimuna, na wala hakukusudia. Alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai mbele ya picha za jirani yake, akazitazama moja baada ya moja mpaka mwisho wa ukuta, kisha akasema kwa sauti ile ile anayosifia mchuzi, "Muhsina, huyu Ishak umempatia kweli."

Bi Muhsina akamwuliza Ishak gani.

Maimuna akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, alinyoosha kidole. Huyu hapa anateremka kwenda mikokoni na pakacha lake la miche. Huyu hapa amesimama kwenye tope, maji magotini. Huyu yuko mbali, mdogo kama nzi, lakini ni yeye, bega la kushoto limeshuka na mkono wa kulia ameuweka nyuma kiunoni. Hata kwenye ile picha kubwa ya mvua, ambayo Bi Muhsina mwenyewe aliihesabu kuwa ni ya mvua tu, pembeni palikuwa na mtu aliyejitanda gunia kichwani, na mtu huyo alikuwa Ishak.

Hapo ndipo Bi Muhsina alipozitazama picha zake kwa mara ya kwanza. Ni jambo la ajabu kulisema juu ya mtu aliyezichora kwa mkono wake, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alizitazama, akaona mgongo mmoja ukuta mzima. Damu ilimpanda usoni, ikashuka. Akaiweka mezani sinia ya mahamri aliyokuwa ameishika, asiangushe hata moja, maana alikuwa mwanamke wa kujizuia.

Siku hiyo chama cha wanawake wa Bodo kilikuwa na wageni kutoka Diani, waliokuja kuona miche ya mikoko na kununua asali na sabuni. Banda la chama lilikuwa na ukuta mtupu, na mwenyekiti akaona haya wageni kuukuta hivyo, ndipo akamwomba Bi Muhsina atundike picha zake. Bi Muhsina alikubali bila wasiwasi wowote, kwa sababu alijua hakuchora uso wa mtu.

Na hilo ndilo lililomponza. Alipoanza kuchora alikwenda kwa kaka yake, Maalim Mbwana, anayesomesha madrasa, akamwuliza kama kuna ubaya. Maalim alifikiri muda mrefu, tasbihi mkononi. Akamwambia achore miti, achore maji, achore nyumba, na akiwa hana budi ya kuchora mtu basi asitie macho wala pua wala mdomo, atakuwa amejiepusha na shaka. Bi Muhsina akaona hilo ni jepesi. Watu wote akawachora kwa nyuma, akaamini moyoni kwamba mtu asiye na uso si mtu fulani. Angekuwa anakaa Nairobi pengine ingekuwa kweli. Lakini Bodo ni mahali mtu anapojulikana kwa anavyokohoa. Watu wa pale wanatambuana kwa mwendo, kwa kikoi kilivyofungwa, kwa kofia ilivyokaa kichwani. Kumwondolea mtu uso pale si kumficha hata kidogo.

Basi mambo yakawa yamemwagika. Bi Muhsina mjane, Ishak mgane, na picha ukuta mzima. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshavuka maji mpaka Funzi. Wanawake walishindana kutaja ni picha ipi inayofanana naye zaidi, na msikitini wanaume wakampisha Ishak safu ya mbele, wakisema mtu wa ukutani hasimami nyuma. Bi Muhsina alizitungua picha zake, akazifunika kwa shuka, akazibeba nyumbani mwenyewe, na njiani akawaamkia wote waliostahili kuamkiwa.

Sasa pengine utauliza, alikosaje kujua? Bi Muhsina alifanya kazi posta, Ukunda, tangu usichana wake. Alikaa nyuma ya kidirisha, na watu akawajua kwa mbele, kutoka kifuani kwenda juu. Walikuja, wakapewa, wakaondoka, na walipoondoka yeye alikuwa ameshamwita mwingine. Mumewe, Seifu, alifariki kabla yeye hajastaafu. Alipostaafu alirudi Bodo kwenye nyumba ya wazazi wake, akijua sana kuipanga siku ya kazi na asijue kabisa afanye nini na siku isiyo na kazi. Alifagia uwanja mpaka akakaribia kuumaliza mchanga. Akapaka rangi milango, akapaka madirisha, na rangi ilipobaki kidogo kwenye kopo akachukua kipande cha plaiwudi, akakaa dirishani mwa jiko, akaanza kuchora njia inayopita nyuma ya nyumba kwenda mikokoni. Alikusudia kuimaliza rangi tu, isigande.

Harufu ya mbaazi zinazoungua ndiyo iliyomrudisha duniani. Sufuria ilikuwa nyeusi, jua limeshapinda, na yeye alikuwa hajasikia hata adhana ya adhuhuri. Alikwenda kuswali kwa haraka na kwa haya, kisha akala zile mbaazi za moshi huku akiitazama picha. Njia ilikuwa imekaa vizuri lakini ilionekana imekufa, haina mtu. Akaongeza mtu. Alifurahi, na aliona ajabu kwamba amefurahi, kwa kuwa alikuwa ameshalizoea lile neno "nimeshukuru" kila akiulizwa hali, na hakufikiri kwamba kuna zaidi ya hapo. Tangu siku ile hakuna aliyemwona na mikono safi. Alikuwa akinunua rangi Msambweni, akiokota mbao kwa mafundi, na kila asubuhi alikaa dirishani kuangalia rangi ya maji. Kila asubuhi kulikuwa na mtu anapita.

Bintiye Bushra alifika kutoka Likoni siku ya pili baada ya wale wageni wa Diani, kabla hata ya chai. Alimwamkia mama yake, akavua buibui, akakaa, na wala hakuzunguka.

"Mama, watu wananitumia hizi picha kwenye simu. Mama mkwe wangu ameziona."

"Amezipenda?"

"Mama."

Bi Muhsina akamimina chai. Bushra akaeleza, na alieleza kwa utaratibu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu wawili wa utaratibu. Alisema hakuna anayesema mama yake amefanya uchafu. Wanacheka tu, na huko kucheka ndiko kubaya, kwani mama yake hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa amekwishapanga. Picha zipakwe rangi nyeupe zote, na kopo la rangi alikuwa amelinunua njiani. Watu waambiwe yule ni mtu tu, kachorwa kwa kubahatisha. Kisha mama yake afunge nyumba, waende Likoni, chumba kipo na wajukuu wanamwuliza kila siku. Uchoraji wenyewe haukuwa na nafasi katika nyumba ya watu, na harufu ya rangi inawadhuru watoto.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia ya kulipima kila jambo kama alivyokuwa akipima vifurushi, na alipolipima hili aliona lina uzito. Jina lake alikuwa amelijenga kwa miaka. Yule mwanamume hakuwahi kumsalimia hata kwa mbali, wala yeye hakuwahi kumfungulia mdomo. Kilichokuwapo ni mbao tu na rangi, na mtu hawezi kumvunja moyo mwanawe kwa ajili ya mbao. Aliona vilevile kwamba akiondoka Bodo hatachora tena, na kwamba asubuhi zake zitakuwa za kutazama ukuta wa jirani. Hilo nalo alilipima.

Angekataa, pengine, kama Bushra hangesema neno la mwisho.

"Baba hukumchora hata siku moja."

"Baba yako alipokufa nilikuwa sijashika brashi."

"Umeishika sasa. Na hukumchora."

Seifu alikuwa mume mwema na Bi Muhsina alimpenda, halikuwa na mjadala hilo. Lakini alipojaribu pale pale kumwona Seifu akienda mahali, hakumwona. Alimwona amekaa, anakula, anamtazama. Alijiona mkosa, na mtu anayejiona mkosa hukubali mengi. Akasema vyema, watasema ni mtu tu, na Likoni atakwenda.

Baada ya alasiri walikuwa barazani, zile mbao zimeegemezwa ukutani, kopo la rangi nyeupe limefunguliwa, ndipo wakasikia hodi. Alikuwa Ishak mwenyewe. Amevaa kanzu, kofia imepigwa pasi, na alitoa salamu akiwa bado nje ya uzio wa makuti, ili kila anayetaka kumwona amwone. Bushra akamwambia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu. Alikaribishwa ndani akakataa. Alikaa pembeni mwa baraza, mguu mmoja chini, kama mtu ambaye hana nia ya kukaa sana.

Bi Muhsina akamtazama. Uso ule alikuwa hajawahi kuutazama kwa karibu. Ndevu zilikuwa nyeupe, zimepunguzwa vizuri, na macho yalikuwa mekundu kidogo, kwani alikuwa mpishi wa hoteli Diani mpaka alipostaafu, na moshi wa jiko hauishi machoni upesi. Ulikuwa uso wa mtu mzima wa kawaida. Hakuna kilichomshtua, akajipongeza. Kisha Ishak akageuka kuziangalia zile mbao, akampa mgongo, na moyo wa Bi Muhsina ukapiga kwa nguvu hadi akashika ukingo wa baraza.

Ishak alizitazama zote. Hakucheka wala hakununa. Ile ya mvua aliitazama zaidi.

"Siku ile nililowa sana," akasema.

Akamgeukia mwenye nyumba.

"Bi Muhsina, mimi sikuja kudai kitu. Maneno ya msikitini ni ya kupita, mimi ni mwanamume, yananipita. Yako hayatapita upesi, najua. Nimekuja kukuuliza jambo moja, ukinijibu nitakwenda zangu. Yule ni mimi?"

Bushra alijikohoza. Ishak hakumtazama.

"Ukisema si mimi," akaendelea, "leo magharibi nitasimama niwaambie mmefananisha, na wataniamini, mimi si mtu wa uongo. Wala sitapita tena nyuma ya jiko lako, wasipate la kusema. Nitarudi njia yangu ya zamani, ile ya shuleni. Tena ni fupi."

"Fupi?" Bi Muhsina akauliza.

"Ile inakwenda moja kwa moja mpaka mikokoni. Hii ya nyuma yako ni ya kuzunguka."

Bi Muhsina alikuwa hajui. Njia ya shuleni ilifunguliwa yeye akiwa Ukunda, na toka alipozaliwa anajua kwamba wa mikokoni hupita pale nyuma ya jiko la mama yake. Ilikuwa haijamjia akilini kuuliza mbona kila asubuhi anapita mmoja tu.

"Sasa kwa nini ukazunguka, na pakacha begani?"

Ishak akatazama viatu vyake.

"Nilisikia umerudi," akasema.

Alisema hivyo tu, na alisema polepole. Hakuongeza kwamba hakupata kugeuza shingo hata siku moja kwa kuwa yule ni mjane wa peke yake na watu wana macho, wala hakuongeza kwamba alikuwa akipunguza mwendo pale kwenye dirisha. Hakuwa na haja. Bi Muhsina alikuwa ameshauchora ule mwendo.

Bushra naye hakuwa mjinga. Alielewa, na hofu ikampanda, akasema haraka kabla ya mama yake. "Mama ameshalisema hilo, baba. Si wewe. Ni mtu tu. Samahani kwa usumbufu uliokupata. Mama anakuja kukaa kwangu Likoni, keshokutwa tunaondoka."

Ishak alingoja. Macho yake yalikuwa kwa Bi Muhsina, naye Bi Muhsina akautazama mkono wake mwenyewe, wenye rangi ya samawati kwenye kucha. Alijua anaweza kusema, na alijua vilevile kwamba akinyamaza kidogo tu jambo litakwisha lenyewe, na atabaki mtu wa heshima, mama wa Bushra, aliyestaafu vizuri. Akanyamaza.

"Hapana neno," Ishak akasema. Akasimama, akakung'uta kanzu. "Mungu akuweke. Kazi yako ni nzuri, usije ukaiacha."

Akatoka. Akashika njia ya shuleni, mbele ya nyumba ya Maimuna, ambaye alikuwa ameketi nje anapepeta mchele uliokwishapepetwa.

Bi Muhsina alimtazama akienda. Hilo alilizoea, na mwanzo alimtazama kwa utulivu, kama anayetafuta rangi. Bega la kushoto lilikuwa palepale. Kisha akaona kilichobadilika. Mkono wa kulia haukuwa kiunoni. Mikono yote miwili ilikuwa inaning'inia, kama mikono ya mtu aliyetoka makaburini, na alikuwa anatembea haraka. Bi Muhsina akaumia. Halikuwa jambo la kupima. Aliumia kifuani, upande wa kushoto, wazi kabisa, na akajua kwamba anampenda mtu huyu na kwamba amempenda muda wote ule akidhani anapenda maji na miti.

Bodo mwanamke mtu mzima hamwiti mwanamume kwa jina njiani. Atamtuma mtu, au atamngoja apite, au ataita mama fulani ili baba fulani asikie. Bi Muhsina alilijua hilo kuliko wengi. Alisimama, mtandio ukiwa begani, akaita.

"Ishak."

Halikufika. Akaita mara ya pili, kwa sauti aliyokuwa akiwaitia wenye vifurushi pale Ukunda, sauti inayofika mpaka kituo cha gari. Ungo wa Maimuna ukasimama. Mtu akachungulia kutoka msikitini. Ishak akageuka.

"Ni wewe," Bi Muhsina akasema. "Zote ni wewe. Nilikuwa sijui, Wallahi, na sasa najua. Picha hizi sizipaki rangi na siendi Likoni. Kama unanitaka, nenda kwa kaka yangu Mbwana. Nenda leo, na upite njia fupi."

Ishak alisimama palepale katikati ya njia, kofia mkononi, ingawa hakuna aliyemwona akiivua. Akasema kwa adabu, kwa sauti ya kuwatosha wote waliokuwa wanasikiliza.

"Kwa Maalim nilikwenda tangu kabla ya Ramadhani. Alinambia dada yake hasemewi, nisubiri mpaka anione mwenyewe."

Maimuna akapiga kigelegele, akajiziba mdomo, akakiendeleza. Ishak akavaa kofia yake, akageuka, akaenda upande wa madrasa, na mkono ulikuwa umesharudi kiunoni.

Bi Muhsina akakaa chini tena. Bushra alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, analia bila sauti, machozi yanashuka kwenye kidevu. Hakuwa analia kwa aibu tena, hilo mama yake aliliona. Alikuwa analia kama alivyolia siku ile maji ya kumwoshea baba yake yalipoletwa.

Mama yake akalifunika lile kopo la rangi nyeupe, akalisukuma kando, akapigapiga kando yake, Bushra aje akae. Bushra akaja. Walikaa muda, bega kwa bega, wakiitazama njia.

"Baba yako nitamchora," Bi Muhsina akasema. "Nataka nimchore tangu ulipolisema asubuhi. Lakini simwoni akitembea, mwanangu. Alikuwa akitoka kwenda kazini mimi niko ndani natafuta viatu vyangu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukisimama mlangoni."

Bushra akafuta uso kwa ncha ya leso.

"Alikuwa akichechemea," akasema. "Kidogo. Asubuhi tu, mpaka afike pale kwenye mwarobaini, halafu anatembea sawa. Alikuwa hataki ujue."

Bi Muhsina, aliyelala na mtu huyo miaka yote ile, alikuwa hana habari. Alinyoosha mkono akachukua ubao mtupu uliokuwa nyuma ya zile nyingine, akauweka magotini.

"Mguu gani?" akauliza.